Kwa nini bahari ya Shela inatoka kijivu kwenye karatasi? Na picha za mji tuziweke wapi?

#1 · Mwana_Langoni
Salaam wakuu. Kikundi chetu cha vijana hapa Amu (Lamu) kinatengeneza kalenda ya ukutani ya mashindano ya mashua na Maulidi, na picha hizo hizo twataka kuzipandisha kwenye tovuti. Kwenye laptopu picha zapendeza: bahari ya Shela na ile feruzi yake, kuta za chokaa nyeupe pe, mabuibui meusi ti. Sampuli ya matbaa imekuja kwa basi mpaka Mokowe, ikavushwa kwa boti, nikaifungua pale pale gatini. Bahari kijivu. Akina mama waliokaa barazani wamekuwa donge moja jeusi, huoni ushungi waishia wapi na buibui laanzia wapi. Kuta nazo zimeingia uwaridi. Matbaa wasema picha zangu ndizo mbovu, mimi nasema mashine yao. Lawama iende kwa nani?

La pili: baada ya kalenda, picha zote za kikundi tutazihifadhi wapi zisipotee? Ziko kwenye simu na memori kadi za watu mbalimbali, na kila mwezi kuna simu inayotumbukia baharini.

#2 · Nahodha_Kizingitini
Umezituma kwa njia gani? Kama ni WhatsApp usitafute mchawi. Ukituma picha kwa njia ya kawaida inakamuliwa, upande mrefu unabaki takriban pikseli 1600, na tarehe na maelezo ya kamera yote yanafutwa. Itume kama dokumenti, hapo faili lafika lilivyo.

#3 · Mchapaji_Msa
Niko kwenye uchapaji hapa Mombasa. Aliyosema #2 tunayaona kila wiki. Kalenda ya A3 ina upande mrefu wa sentimita 42. Ukitaka nukta 300 kwa kila inchi unahitaji pikseli 4961 kwa 3508. Mtu analeta pikseli 1600, zikisambazwa kwenye urefu ule zinakuwa kama 97 kwa inchi. Mteja anaona vumbi vumbi halafu anasema mashine.

Lakini mwenzetu hakulalamikia vumbi, amelalamikia rangi. WhatsApp haigeuzi bahari kuwa kijivu. Hapo pana jambo jingine.

#4 · Fundi_Mkomani
Jambo lenyewe rahisi. Picha za tovuti ni 72, za kuchapa ni 300. Ingia kwenye programu ubadilishe 72 iwe 300, mambo yatanyooka.

#5 · BintiPate
@Fundi_Mkomani hapana kaka, hilo limeenea sana na si kweli. Ile namba ni maandishi tu ndani ya faili, yanaiambia programu picha ikichapwa iwe na ukubwa gani. Picha ya pikseli 3000 kwa 2000 ni ile ile, uiandikie 72 uiandikie 300. Kwa 300 itatoka sentimita 25 kwa 17 hivi, basi. Ukiilazimisha programu iongeze pikseli ili ifike A3, zile za ziada inazibuni yenyewe. Kwenye tovuti namba hiyo haisomwi kabisa, kinachohesabiwa ni pikseli na uzito wa faili.

Na rangi haiguswi na namba hiyo hata kidogo.

Mwana_Langoni, mwangaza wa skrini yako uko wapi? Wahariri ndani au nje?

#6 · Mwana_Langoni
Shukrani wote. Nilizituma kwa barua pepe, mafaili kamili, pikseli 6000 upande mrefu, kwa hivyo #2 tumuondoe. Nahariri barazani, mchana, mwangaza wa skrini juu kabisa maana bila hivyo sioni kitu. Kamera ni ya kikundi, na kwenye menyu yake rangi imewekwa Adobe RGB. Aliyetukabidhi alisema hiyo ndiyo ya kitaalamu.

#7 · BintiPate
Basi nusu ya jibu umelitoa mwenyewe. Skrini iliyofunguliwa mwangaza wote inakudanganya kuwa kivuli kina uhai. Unaona mikunjo ya buibui kwa sababu taa ya skrini yaisukuma. Karatasi haina taa. Wahariri wanaochapa huteremsha skrini mpaka kati ya candela 80 na 120 kwa mita ya mraba, na laptopu nyingi zikifunguliwa zote zinapita hapo kwa mbali. Kama huna kifaa cha kupimia, kaa ndani, shika karatasi nyeupe kando ya skrini chini ya taa ya chumbani, teremsha mpaka weupe wa skrini usiizidi karatasi sana. Kisha zifungue tena zile picha za barazani. Utaona ni giza tangu mwanzo.

#8 · Kibodi_Malindi
Nampinga dada kidogo. Mwangaza unaeleza weusi, hauelezi bahari. Bahari imeuliwa na Adobe RGB. Hiyo ni nafasi pana ya rangi iliyotolewa na Adobe mwaka 1998. Iliyozoeleka kwenye tovuti, simu na maduka mengi ya picha ni sRGB, iliyopendekezwa na HP na Microsoft mwaka 1996. Faili la Adobe RGB linatakiwa libebe ndani profaili yake, yaani maelezo ya namna ya kuzisoma rangi zake. Profaili ikidondoka njiani, au aliyelifungua akaipuuza, mashine inazisoma namba zile kana kwamba ni sRGB, na rangi zote zinapauka. Kinachopauka zaidi ni nini? Kijani na buluu-kijani, maana huko ndiko Adobe RGB ilikopanuka. Yaani feruzi yako hasa.

Fanya hivi: chukua nakala, igeuze iwe sRGB. Igeuze, si kuibandika profaili mpya juu ya namba za zamani, hayo ni mambo mawili tofauti. Ilinganishe na sampuli. Na kwa tovuti usipandishe Adobe RGB kabisa.

#9 · Maalim_wa_Punda
Mimi napita tu kuuliza, kwenye kalenda hiyo punda wamepewa miezi mingapi?

#10 · Mchapaji_Msa
@Kibodi_Malindi nimekusoma, na profaili kudondoka hutokea. Lakini hata faili likija na profaili safi, ile bahari haitatoka kama kwenye skrini. Skrini inatengeneza rangi kwa mwanga, sisi kwa wino wanne: sayani, majenta, manjano na nyeusi. Skrini ni pishi, karatasi ni kibaba. Feruzi inayowaka, buluu ya mbali kule kwenye mlango wa Manda, kijani cha mikoko juani, hizo haziingii kwenye CMYK, yaani wino wetu huo wanne. Mashine inatafuta rangi ya karibu zaidi inayoweza kuitoa, na ya karibu imetulia zaidi kuliko uliyozoea.

Hilo tunaweza kulionyesha kabla ya kuchapa. GIMP, ambayo ni ya bure, na Photoshop zote zinaweza kukuonyesha kwenye skrini picha itakavyoonekana kwa profaili ya mashine na karatasi fulani. Omba profaili kwa matbaa. Wakikwambia hawana, hilo nalo ni jibu.

Buibui: kwenye uchapaji wino ukirundikwa haukauki na unatapakaa. Kwa hivyo jumla ya wino wanne tunaiwekea kikomo, asilimia 300 hivi kwa karatasi ya kung'aa, chini ya hapo kwa karatasi isiyopakwa. Tena kila nukta ya wino hupanuka ikigusa karatasi. Weusi unaokaribiana unaungana. Ndiyo lile donge lako.

Kuta za uwaridi siwatetei wenzangu. Ili kijivu kitoke kijivu, sayani lazima izidi majenta na manjano kidogo. Sayani 50 na hizo nyingine 40 hivi ni mfano tunaoutumia. Sayani ikipungua, au majenta ikipanda, chokaa yote inaona haya. Hilo ni la mashine au la anayeiendesha. Kwa bahari na mabuibui lawama si yao, kwa kuta huenda ni yao.

#11 · Fundi_Mkomani
Kuta zinaweza kuwa si mashine. Picha zimepigwa saa ngapi? Chokaa ya Mkomani saa kumi na moja jioni huwa ya waridi kwelikweli, jua limelala na vichochoro vinaakisiana. Jicho lako linalizoea na kuona nyeupe, kamera haizoei. Skrini yako ikiwa ya buluu kidogo, kama laptopu nyingi zilivyo, waridi ile inajificha mpaka ije karatasi.

#12 · Mwana_Langoni
Mbili ni za jioni, moja ya saa nne asubuhi. Zote zimetoka na uwaridi.

#13 · Mchapaji_Msa
Ya saa nne nayo? Basi nabaki pale pale kwenye #10.

#14 · Fundi_Mkomani
Na mimi nabaki na skrini ya buluu, maana hiyo haijali saa.

#15 · BintiPate
Tuache kuta kidogo. Hili la mabuibui lanigusa, kwa sababu kwenye picha nyingi za Lamu wanawake ndio wanaopotea. Mpiga picha anapima mwanga kwa ukuta na anga, halafu mama aliyekaa barazani anageuzwa kivuli. Si haki. Yule ni mtu, na nguo yake ina kazi: kuna darizi kwenye mkono, kuna kitambaa kinachong'aa na kisichong'aa, kuna mkunjo wa gotini.

Fungua picha kwa ukubwa kamili, pikseli kwa pikseli. Chukua kile kidude cha kupimia rangi, kiweke kwenye buibui lenyewe, halafu kwenye ukingo wa mkunjo. Kwenye picha niliyofanyia kazi juzi buibui lilisoma 4, 4, 6 na mkunjo 10, 10, 13, kwenye kipimo cha 0 mpaka 255. Kwenye skrini tofauti waiona. Kwenye karatasi vyote viwili ni wino mtupu. Nikachukua chombo cha programu cha mkunjo wa toni (curves), nikainua sehemu ya chini peke yake mpaka buibui likawa kwenye 18 na mkunjo kwenye 35 hivi, juu sikugusa. Ukiiangalia kwenye skrini waona imepauka kidogo. Ikichapwa, mama amerudi kuwa mama. Darizi ya mkononi ilionekana sindano kwa sindano.

Upande wa pili ni kanzu. Kanzu ya saa sita mchana ikishafika 255 kwenye rangi zote tatu hakuna uzi tena wa kuurudisha, na vijishimo vya kofia vinafutika vyote. Kwa hivyo kwenye kamera pima mwanga kwa kanzu, na upige RAW, yaani data ghafi ya kamera. JPEG ina ngazi 256 kwa kila rangi. RAW ya biti 12 ina 4096, na ya biti 14 ina 16,384. Nafasi ya kuinua buibui bila kutoa michirizi iko huko.

#16 · Kibodi_Malindi
Dada #15, hii ningependa uiandikie uzi wake. Asante sana.

#17 · Seremala_Matondoni
Mwana_Langoni, nimezitazama picha ulizoweka. Ile ya pili umeandika mashua. Ile si mashua, ni ngalawa, ina ndubi, vile vielea vya pembeni, kila ubavu, mtoto wa darasa la kwanza aiona. Na ile kubwa iliyopakia boriti ni jahazi. Kalenda ya mji wetu ikienda na majina yaliyokorogeka, kesho mtu wa mbali ataichukua ndiyo ushahidi.

Tena ile picha ya kichochoro, nyaya za umeme ziko wapi? Pale pana nyaya, pana na dishi. Mmezifuta?

#18 · Mwana_Langoni
Majina narekebisha leo hii. Nyaya ndiyo, zimefutwa kwenye ya kalenda. Zilikuwa zakata mlango wa nakshi katikati.

#19 · Seremala_Matondoni
Simpendi mtu anayefuta. Mji wa Kale umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001. Mtu akija kutazama kichochoro kilikuwaje wakati wetu, picha yako itamdanganya. Nyaya ni mbaya lakini zipo. Pengine yeye atataka kujua hasa zilipitishwa vipi kwenye ukuta wa mawe.

#20 · Maalim_wa_Punda
Mzee Seremala, kuchezea picha hakukuja na kompyuta. Omar Said Bakor, aliyekuwa na studio hapa hapa Lamu, alikuwa akikata picha kwa mkasi na kuziunganisha, mtu anatokea mahali ambapo hakuwahi kukaa. Kote pwani studio zilikuwa na mapazia ya ndege na majumba. Hakuna aliyedanganyika, watu walizipenda na wamezitunza. Photoshop imekuja 1990, mkasi ulikuwako.

#21 · Seremala_Matondoni
Na ukitazama picha zile unaona zimeunganishwa, hazijifichi. Hii ya nyaya inajificha. Hapo ndipo tunapoachana.

#22 · Kibodi_Malindi
Wote wawili wataridhika kama kuna faili la asili lisiloguswa. Nyaya zifutwe kwenye nakala ya kalenda, na kwenye maelezo ndani ya faili iandikwe imefutwa nini. Kosa ni kuhariri juu ya asili kisha ukabonyeza hifadhi.

JPEG hiyo inaumia kila ukiihifadhi upya baada ya kuihariri, kwa sababu inaigawa picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8 na kutupa sehemu ya maelezo ya kila kipande. Kunakili faili hakuidhuru, kufungua na kutazama hakuidhuru. Kuhariri na kuhifadhi tena na tena ndiko. Kazi inayoendelea iweke kwenye TIFF, aina ya faili isiyotupa maelezo, na JPEG uitoe mwisho: moja kubwa ya matbaa, moja ndogo ya tovuti, pikseli 1600 au 2000 upande mrefu, ubora 80 hivi. Watu wa huku wanafungua tovuti kwa bando, picha ya megabaiti nane ni kuwaonea.

#23 · Nahodha_Kizingitini
Turudi kwa swali la pili la ndugu yetu. Nunueni diski ya nje, mmalize.

#24 · Mlinzi_wa_Kumbukumbu
Diski moja si hifadhi. Nafanya kazi ya kutunza nyaraka, na kanuni tunayoifuata ni tatu-mbili-moja, ile iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani Peter Krogh: nakala tatu, juu ya vyombo vya aina mbili, moja ikae mahali pengine. Mahali pengine si chumba cha pili. Kwa Amu ningesema nje ya kisiwa: kwa ndugu Mombasa, Malindi, popote.

Hali ya hewa yetu ni adui wa vyombo hivi. Chumvi inakula vishikizo vya chuma, unyevu wa kusi unaingia kila mahali, lenzi zinaota ukungu. Diski ikae kwenye kopo la kufunga kwa mpira, pamoja na vile vifuko vya silika vinavyonyonya unyevu, na vifuko vibadilishwe vikishajaa. Flashi na memori kadi ni za kubebea, si za kutunzia. Zikikaa miaka bila umeme chaji inayobeba data huweza kuvuja. Sidii za kuchoma nazo rangi yake hufa, upesi zaidi kwenye joto na unyevu.

#25 · Kibodi_Malindi
Naongeza kisa. Jirani yangu hapa Malindi alikuwa na diski mbili, mtu wa tahadhari. Zote mbili zilikuwa zimechomekwa kwenye kompyuta moja akinakili, umeme ukakatika na kurudi kwa kishindo. Zilikufa pamoja, na harusi za watu zikaenda nazo. Nakala ya pili ichomolewe ikimaliza kazi.

#26 · Fundi_Mkomani
Mimi naona mnazunguka. Siku hizi ni mtandaoni tu. Google Photos, picha zajipandisha zenyewe, simu ikizama na izame.

#27 · Mlinzi_wa_Kumbukumbu
Ni nakala nzuri ya nje ya kisiwa, sipingi. Ila ule upakiaji wa bure usio na kikomo uliisha tarehe 1 Juni 2021. Sasa ni gigabaiti 15 kwa kila kitu, barua pepe ikiwemo. Na ukichagua kuokoa nafasi, picha inapunguzwa ikizidi megapikseli 16. Kamera ya kikundi ina 24. Kwa kalenda hilo linauma.

Jambo linalosahaulika: nakala huharibika kimyakimya. Kila faili likiingia tengeneza alama yake ya uhakiki, SHA-256 kwa mfano, zipo programu za bure. Mara moja kwa mwaka zikokotolewe upya na zilinganishwe. Alama ikibadilika, faili limebadilika, chukua lile la diski ya pili.

#28 · Nahodha_Kizingitini
Nani atakaa kufanya hayo mwaka baada ya mwaka? Kikundi cha vijana chabadilika, huyu ameoa, yule ameenda Saudia. Hifadhi itategemea mtu mmoja, akiondoka imekwisha.

#29 · Mlinzi_wa_Kumbukumbu
Hilo ndilo swali gumu kuliko yote kwenye uzi huu, na halina programu.

#30 · Maalim_wa_Punda
Nina suala la majina ya mafaili. Kibodi ataniambia tarehe ya mwaka-mwezi-siku, 2023-09-28, ili yajipange yenyewe. Sawa. Lakini Maulidi yetu yanafuata mwezi wa Kiislamu wa Mfungo Sita, na kila mwaka yanarudi nyuma siku kumi na moja hivi. Mfungo Sita wa 1440 Hijria ulianza Novemba 2018, wa 1445 ukaanza Septemba 2023. Mtu akitafuta "Maulidi" kwa mwezi wa kizungu atapata nusu ya picha zetu.

#31 · Kibodi_Malindi
Maalim, zote mbili. Jina la faili libaki na tarehe ya kimataifa, na Mfungo Sita 1445 uandikwe kwenye sehemu ya maelezo ya IPTC, inayokaa ndani ya faili lenyewe na husomwa na programu nyingi. digiKam ni ya bure na inaandika huko. Hapo hapo andika mahali, Riyadha au Mkunguni, jina la mpiga picha, na majina ya watu waliokubali kutajwa. Na kwanza hakikisheni saa ya kamera. Betri ikikaa muda mrefu imekufa, kamera nyingi zinarudi kwenye tarehe iliyowekwa kiwandani, na Maulidi ya mwaka huu yanaandikwa miaka kadhaa nyuma.

#32 · Bi_Mwanaisha_K
Nimesoma yote, nasema moja. Kwenye hizo simu na kadi mnazozikusanya kuna picha za harusi, za kesha, za ndani ya nyumba. Mtoto wa kiume atakapozikusanya zote na kuzitia kwenye diski ya kikundi, ametazama yasiyomhusu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ipo, na heshima ilikuwapo kabla yake. Wanawake wachaguane wao wenyewe wa kuzichambua za kwao, na zisizofaa zisiingie hata kwenye hifadhi.

Na kabla ya kupandisha tovutini futeni mahali picha ilipopigwa. Simu inaandika nyumba ya mtu mpaka mlangoni.

#33 · Mwana_Langoni
Bi Mwanaisha, shikamoo. Limesikika. Kesho nitaongea na akina dada wa kikundi, na mpaka wapange wao sitakusanya kadi za watu.

#34 · Bi_Mwanaisha_K
Marahaba mwanangu. Nina na albamu ya marehemu mama, zile za karatasi ya gundi na plastiki juu. Picha za rangi zimekuwa nyekundu nyekundu. Nizibandue nizilete kuskani?

#35 · Mlinzi_wa_Kumbukumbu
Usizibandue, Bi. Gundi ile ikishazeeka inaondoka na uso wa picha. Skani ukurasa mzima ulivyo, plastiki ikikubali kuinuka inuliwe polepole, ikikataa iachwe. Nukta 600 kwa inchi, TIFF, bila kuruhusu skana irekebishe rangi yenyewe. Wekundu ule unatokana na rangi ya sayani kufifia kabla ya nyingine. Unaweza kurekebishwa kwenye nakala, ila skani ya kwanza ibaki na wekundu wake. Na mgeuze kila picha inayotoka kwa hiari, nyuma mara nyingi pana mhuri wa studio au mwandiko. Nao uskaniwe.

#36 · Mwana_Langoni
Marejesho. Nimeifanyia kazi picha ya baraza kama #15, nikaigeuza sRGB kama #8, skrini nimeiteremsha nikiwa ndani. Nimetuma ukanda mdogo wa majaribio kwa matbaa ile ile na kwa nyingine. Mabuibui: mikunjo yaonekana kote kuwili. Bahari: imepona kidogo kwa huyu, kwa yule imebaki ilivyo. Kuta: kwa matbaa ya pili nyeupe, kwa ya kwanza bado waridi.

#37 · Mchapaji_Msa
Kuta zimeshahukumiwa basi. Faili moja, skrini moja, matbaa mbili.

#38 · Fundi_Mkomani
Karatasi zilikuwa aina moja? Karatasi nyingine nyeupe yake ni ya buluu, nyingine ni ya krimu. Ukuta mweupe karibu hauna wino, unachoona pale ni karatasi.

#39 · Mwana_Langoni
Sikuuliza. Ya pili yang'aa zaidi.

#40 · Kibodi_Malindi
Na bahari iliyopona kwa mmoja tu, hiyo ni profaili. Mmoja aliisoma, mwingine aliitupa.

#41 · Mchapaji_Msa
Au mmoja ana karatasi inayoruhusu sayani zaidi. Tuma ukanda ule ule tena kwa wote wawili, karatasi ya gramu na aina moja, na chini ya picha weka mstari wa kijivu kutoka nyeupe mpaka nyeusi. Ule mstari ukitoka na rangi, hatuna haja ya kubishana juu ya kuta. Kuhusu bahari tutaendelea.

#42 · Seremala_Matondoni
Mkituma tena, badilisheni na jina la ngalawa. Kwenye sampuli mpya bado imeandikwa mashua.